Kijisanduku cha Nairobi, karanga za Kongwa na suala la israfu

IJUMAA ya tarehe 11 Mei 2018, zikiwa zimebaki siku chache tuingie Ramadhani ya mwaka 1439 Hijria, kijisanduku kimoja kilisukumwa kutoka katika maabara ya Wajapani iliyopo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kiasi cha kilomita 400 juu ya vichwa vyetu. Maabara hiyo inaitwa Kibo. Kwetu sisi Kibo ni kilele cha Kilimanjaro, lakini kwa Kijapani maana yake ni matumaini.

Urefu wa kijisanduku hicho ulikuwa sentimita 10, upana sentimita 10 na kimo sentimita 10. Uzito wake ulizidi kilo moja kidogo tu, haufiki hata kilo mbili za sukari tunazonunua dukani. Hiyo ndiyo ilikuwa satelaiti ya kwanza ya Kenya, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, Italia. Waliipa jina la 1KUNS-PF. Herufi mbili za mwisho zinasimama badala ya maneno yenye maana ya safari ya utangulizi. Yaani wenyewe walikiri tangu katika jina kwamba hiki ni kitangulizi, ni jaribio, na kazi yenyewe itakuja baadaye.

Wiki iliyofuata niliingia darasani hapa Dodoma, kidato cha pili, kufundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kijana mmoja mpole, wa kukaa nyuma, akanyoosha mkono. "Ustaadhi, umesikia Wakenya wamerusha satelaiti? Inazunguka dunia mara kumi na tano kwa siku. Uislamu unasemaje?"

Nilimjibu papo hapo, huku nikiendelea kufuta ubao. Nilisema, "Hiyo ni israfu. Watu wana njaa, wao wanatupa sanduku angani. Na lenyewe litaungua." Darasa likacheka. Kijana akakaa, nami nikaendelea na somo la nguzo za swaumu.

Miaka kadhaa baadaye nilipeleka simu yangu kutengenezwa katika kibanda kimoja maeneo ya Majengo. Fundi akanyanyua kichwa: "Shikamoo Ustaadhi." Ni yule yule kijana. Mikono yake ilikuwa myepesi, na macho yake yalijua ugonjwa wa simu kabla hajaifungua. Nikamuuliza kwa nini hakuendelea na masomo ya sayansi. Akacheka. Akaniambia kwamba walipotakiwa kuchagua michepuo ya kidato cha tatu, yeye alitaka fizikia, baba yake alitaka biashara. "Nikakumbuka ulivyosema ni israfu, nikamwambia baba. Baba akasema, umesikia sasa, hata Ustaadhi amesema." Kisha akaongeza, "Riziki ipo, alhamdulillah."

Hakunilaumu hata kidogo. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani mzito. Kwa sentensi tatu, zilizotamkwa kwa dharau na bila kusoma chochote, nilikuwa nimetoa hukumu ya dini, na hukumu hiyo ikafanya kazi katika maisha ya mtu. Makala hii ni jaribio la kumjibu upya swali lake, kwa sababu naamini wapo wengi wanaouliza kama yeye, na wapo wengi wanaojibu kama mimi.

Nilichokihukumu bila kukiuliza

Tuanze na kukifahamu kitu chenyewe. Satelaiti inayozunguka katika kimo kile hukimbia takriban kilomita saba na nusu kwa kila sekunde. Humaliza mzunguko mmoja wa dunia kwa kiasi cha dakika 92. Kati ya adhana ya Alfajiri na adhana ya Magharibi, kijisanduku kile kilikuwa kimeizunguka dunia zaidi ya mara nane. Katika kila mzunguko kilipigwa na jua kali lisilo na kizuizi, kisha kikaingia katika kivuli cha dunia chenye baridi kali. Ndani yake mlikuwa na betri, redio, kompyuta ndogo na kamera za kuipiga picha ardhi ya Kenya na majirani zake. Swali lililopelekwa angani lilikuwa hili: je, vitu hivi tulivyoviunganisha kwa mikono yetu vitastahimili? Je, tunaweza kuzungumza navyo tukiwa ardhini?

Kijisanduku hakikuwa na injini ya kukisukuma. Na watu wengi hawajui kwamba katika kimo cha kilomita 400 hewa haijaisha kabisa. Imebaki nyepesi mno, lakini ipo. Hewa hiyo hukivuta chombo nyuma kidogo kidogo, kama baiskeli ambayo mwenyewe ameacha kukanyaga. Kila siku kinashuka. Kituo cha Kimataifa chenyewe hulazimika kusukumwa juu mara kwa mara ili kisianguke. Kijisanduku kisicho na wa kukisukuma hushuka mpaka kinapokutana na hewa nzito, na kwa kasi ile huungua kama kimondo. Mwaka 2020 kikawa kimemaliza safari yake. Waliokitengeneza walilijua hilo kabla hawajafunga hata skrubu moja.

Jambo jingine ambalo sikulijua siku ile ni gharama. Kukipeleka na kukiachia angani hakukulipiwa na Kenya. Shirika la anga la Japani, pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mambo ya anga, wana mpango wa kuwapa nafasi hiyo bure watafiti wa nchi zinazoendelea, nao hugharamia utengenezaji wa chombo chao. Nairobi ndio waliokuwa wa kwanza kuteuliwa katika mpango huo. Kwa hiyo hata ile picha yangu ya serikali kumwaga mabilioni angani haikuwa sahihi.

Israfu ni nini hasa?

Wanazuoni wetu wametofautisha mambo mawili. Israfu ni kuvuka mpaka katika jambo ambalo asili yake ni halali, kama kula na kuvaa. Tabdhiri ni kuiweka mali mahali pasipostahiki kabisa. Na katika Surat Al-Furqan waja wa Mwingi wa Rehema wamesifiwa kwamba wanapotoa hawavuki mpaka wala hawafanyi ubahili, bali husimama katikati. Angalia hapo, ndugu msomaji. Kipimo ni mpaka. Kitu kuungua hakukifanyi kuwa israfu. Mafuta ya taa huungua, ubani huungua, kuni za kupikia futari huungua. Kama kila kinachotoweka ni israfu, basi hata wino wa mwalimu ni israfu.

Nalikumbuka jambo moja la marehemu baba yangu, mkulima wa kule Kondoa. Kila mwaka kabla ya mvua, alichukua konzi moja ya mahindi ya mbegu, akayafunga katika kitambaa chenye maji na kuyaweka pembeni ya nyumba. Baada ya siku kadhaa alikifungua na kuhesabu. Zikiota nyingi, alipanda. Zikiota chache, alikwenda kutafuta mbegu nyingine. Na zile zilizoota katika kitambaa hazikuwa na kazi tena, alizitupia kuku. Upo mwaka ambao ghala lilikuwa tupu kabisa, na mama akanung'unika kwamba hiyo konzi ni chakula. Baba akamwambia, "Mama Fulani, bora nipoteze konzi kuliko kupoteza shamba."

Huku kwetu uwanda wa kati mvua ni msimu mmoja tu, na haina mazoea ya kusubiri mtu. Ukipanda mbegu mbovu mwezi Desemba, hakuna Desemba nyingine mpaka mwakani. Konzi ile iliyopotea ndiyo iliyolinda shamba zima. Kijisanduku cha Nairobi kilikuwa konzi ya mbegu katika kitambaa.

Walioruka konzi wakaenda shambani

Anayetaka kuiona israfu ya kweli hana haja ya kutazama angani. Na apande gari hapa Dodoma aende Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Watawala wakaamua kulima karanga Tanganyika, na Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mpango ulikuwa wa ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza mwaka 1947. Matrekta yaliyobaki vitani yaliletwa, hata vifaru vya jeshi viligeuzwa kuwa mitambo ya kung'oa miti. Kilichosahauliwa ni konzi ya baba yangu. Hawakulima kwanza shamba dogo la majaribio kwa misimu michache ili waone mvua ya Ugogo inavyokuja na inavyokimbia, na udongo wake unavyofanya. Udongo ukakauka na kuwa mgumu kama tofali, karanga zikagoma kung'oka, matrekta yakavunjika. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na hasara iliyotajwa ilikuwa pauni milioni 36.

Hapo ndipo somo lilipo. Waliofanya kitu kikubwa, cha manufaa kwa macho ya kila mtu, cha chakula kabisa, ndio waliofanya israfu. Na waliofanya kitu kidogo, kisicholisha mtu hata mmoja, hawakufanya. Ukubwa wa haja haukumwondolea mtu wajibu wa kujaribu kwanza. Kinyume chake, haja ikiwa kubwa na mali ikiwa chache, wajibu wa kujaribu kwa kiasi kidogo unazidi. Tajiri anaweza kukosea kwa jumla. Maskini hana ruhusa ya kukosea ila kwa rejareja.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Tunaijua habari ya Mtume (SAW) na watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende. Walipoacha kwa sababu ya rai aliyoitoa, na mavuno yakapungua, aliwaelekeza kwamba katika mambo ya dunia yao wao ndio wajuzi zaidi. Ujuzi ule waliupata kwa kujaribu mtende baada ya mtende. Na mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyeandika kuhusu nuru na macho karne ya kumi na moja Miladia, alijulikana kwa kutoridhika na kauli mpaka aipime kwa jaribio.

Tena tunajua kwamba hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Lakini sharti la ujira wa anayekosea ni kujitahidi. Mhandisi aliyekesha miezi akiunganisha nyaya, hata chombo chake kikinyamaza siku ya kwanza, amejitahidi. Mimi niliyejibu huku nafuta ubao sikujitahidi. Kwa hiyo kosa langu halina hata ule ujira mmoja.

Hoja yenye nguvu ya wanaopinga

Lakini tusijirahisishie mambo. Upo upande wa pili, na una hoja. Mzazi ambaye mwanawe anakaa chini darasani atasema: tuanze na dawati. Mama aliyetembea kilomita nyingi kutafuta zahanati atasema: tuanze na dawa. Wanazuoni wana mlango mzima wa kupanga vipaumbele, na dharura hutangulia mbele ya haja, na haja mbele ya pambo. Hoja hii ni ya kweli, na asiyeitaka anataka kukimbia.

Jibu langu ni kwamba inategemea satelaiti inaingia fungu gani. Kama ni pambo, la kupigia picha viongozi na kushindana na jirani, basi dawati litangulie, tena bila mjadala. Lakini tuangalie hapa kwetu. Utabiri wa mvua anaousikiliza mkulima wa Chamwino kwenye redio unategemea picha za satelaiti, na picha hizo zinatoka katika satelaiti za Wazungu. Kwetu Kondoa, mmomonyoko wa ardhi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili ardhi ipumue. Familia zilihama na ng'ombe wao. Maamuzi mazito kama hayo yanahitaji jicho linaloona bonde zima, mwaka hadi mwaka. Jicho hilo leo liko angani. Asiyekuwa nalo hununua, au huomba, au huambiwa na mwenye nalo. Basi kujifunza kulitengeneza si pambo. Liko karibu na haja, na siku ya ukame liko karibu na dharura.

Wapo pia wanaosema: hicho si chetu, ni cha Wataliano na Wajapani. Ni kweli waligusa. Lakini Mtume (SAW) katika Hijra aliongozwa njia na Abdullah bin Uraiqit, ambaye hakuwa Mwislamu, na handaki la Madina lilitokana na ujuzi alioutoa Salman kwa Waajemi. Kujifunza kwa mwenye ujuzi si aibu. Aibu ni kubaki mtazamaji. Afrika Mashariki tumekuwa watazamaji muda mrefu. Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia safari zao za kwanza za anga, mpaka kilipoondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tarehe 12 Disemba 1970 satelaiti ya Kimarekani ilirushwa na Wataliano kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Ilifanya kazi kubwa ya kuchunguza miale ya nyota. Jina lilikuwa letu, la Kiswahili safi. Elimu iliondoka na wenyewe. Mwaka 2018 ikawa kinyume: jina gumu la herufi za Kiingereza, lakini safari hii mikono ya vijana wa Nairobi ilikuwa ndani ya sanduku.

Na havikuishia pale. Rwanda ilifuata na RwaSat-1 mwaka 2019. Uganda ikaachia PearlAfricaSat-1 Disemba 2022, iliyotengenezwa na vijana wake watatu waliokuwa wakisoma Japani. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Kenya ikarusha Taifa-1, kubwa zaidi kidogo, iliyoelezwa kugharimu shilingi milioni 50 za Kenya.

Kuungua na kubaki

Nimebakiwa na neno langu la mwisho la darasani, kwamba "litaungua". Nililisema kama dosari. Leo naliona kuwa ni adabu.

Tarehe 30 Disemba 2024, wanakijiji wa Mukuku, kaunti ya Makueni, walishtushwa na pete ya chuma iliyoanguka kutoka juu. Kipenyo chake kilikuwa kama mita mbili na nusu, na uzito wake kiasi cha kilo 500. Maafisa wa anga wa Kenya walisema inaonekana ni kipande cha roketi. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Lakini wale wakulima hawakurusha roketi yoyote. Vilevile huko juu zaidi, kwenye kimo cha kilomita mia nane na kuendelea, vyombo vilivyokufa hubaki vikizunguka kwa karne nyingi, na kila kimoja ni hatari kwa kitakachopita baadaye.

Sisi tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Njia ya angani nayo ni njia. Kijisanduku kilichofanya kazi yake takriban miaka miwili, kisha kikateketea chote bila kumwachia mtu jiwe la kujikwaa, kimeondoka vizuri kuliko wakubwa wengi. Kila kitu kina ajali yake. Thamani ya kilichopita huonekana katika elimu iliyobaki na madhara ambayo hayakubaki.

Na sisi je?

Kwa hiyo naona jaribio linatoka katika israfu kwa masharti manne. Liwe kwa nia ya kujifunza, si kujionyesha. Liwe la kiasi ambacho ukikipoteza huangamii. Liambiwe kwa ukweli, kuwa ni jaribio, na matokeo yatangazwe yakiwa mazuri au mabaya. Na lisimwachie mwingine madhara.

Tukishika masharti hayo, tusiwapime Wakenya peke yao. Tujipime. Ni miradi mingapi ya misikiti na shule zetu katika miji yetu imeishia kwenye lenta? Tunachora ghorofa tatu, tunachangisha kwa mbwembwe, tunaweka jiwe la msingi kwa picha, kisha nondo zinapata kutu kwa miaka kumi. Hatukuanza na vyumba viwili vya kujaribu kama tunao walimu, kama wazazi watalipa ada, kama uongozi utaaminika. Hizo ni karanga za Kongwa, ila hizi tumezipanda wenyewe kwa sadaka za wajane. Na mradi ukikwama hatuwaambii waliochanga kilichotokea. Halafu tunamtazama kijana mwenye redio mbovu mkononi, anayejaribu kitu cha shilingi elfu mbili, tunamwambia anapoteza muda.

Sisi walimu wa dini tuna wajibu wa ziada. Mwanafunzi akituuliza Uislamu unasemaje, hatuulizi maoni yetu. Anauliza amri ya Mola wake. Neno "sijui, ngoja nikasome" halimpunguzii mwalimu heshima. Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Nilirudi Majengo. Nilimkuta anachomelea waya, nikasubiri amalize. Nikamwambia, "Lile jibu la darasani nalirudisha. Nilisema bila elimu, unisamehe." Akaniambia, "Nimekusamehe zamani, Ustaadhi." Kisha akauliza lile ambalo mimi, baada ya miaka yote, sikuwa nimejiandaa kulijibu kwa kusimama: "Kwa hiyo jibu lenyewe ni lipi?"

Nikamwambia ngoja nikasome. Nimesoma kadiri nilivyoweza, na hili ndilo jibu langu. Gazeti hili nitampelekea mwenyewe kibandani.

Wallahu a'lam.